Papa Bretele, Baraka Inakulilia kwa Maneno ya Nani?

Shemeji yangu Papa Bretele,

Hunijui, na sasa hutanijua tena. Nakuita shemeji kwa sababu marehemu mume wangu, Wilondja, alikuita kaka miaka yote niliyoishi naye, ingawa wewe ulikuwa Kinshasa ndani ya televisheni na yeye alikuwa hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, na hamkuwahi hata kushikana mikono. Najua barua ya msiba huanza kwa kumsifu marehemu. Mimi nikianza hivyo nitakuwa mnafiki, na umri wangu hauniruhusu tena. Acha niseme lililo moyoni: nakuonea wivu. Nilikuonea ukiwa hai, na tangu ufe ndio umezidi.

Habari zako zilifika asubuhi, kwa simu, kama zinavyofika zote siku hizi. Nilikuwa barazani kwenye mashine yangu ya kushona, napinda kola ya shati la mwanafunzi, nikasikia kelele upande wa soko. Nikadhani mtumbwi umepinduka ziwani. Kumbe ni wewe. Wanawake wa rika langu, wengine wana wajukuu, wameshika vichwa: "Bretele amekufa! Bretele yetu! Tutafanya je sasa?" Muuza ndakala mmoja aliwaachia inzi samaki wake, akaenda kumkumbatia jirani yake wa meza ambaye walikuwa hawasalimiani tangu Pasaka. Umekufa Kinshasa, umepatanisha watu Baraka. Hata hilo lilinichoma.

Si kwamba sikukupenda. Nani hakukupenda? Miaka ile tuliporudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, mji wetu ulikuwa na ukumbi mmoja wa video, wa mzee mmoja mfanyabiashara, baba yake Feza. Huyo Feza mshike, maana barua hii haiishi bila yeye. Jenereta lilinguruma nyuma ya ukuta, televisheni ndogo imewekwa juu ya pipa, na kila Jumapili baada ya ibada tulijaa humo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, tunanuka jasho na sabuni, kukutazama wewe na suruali yako iliyopandishwa na bretele nyekundu, zile kanda za mabegani, mpaka karibu na kwapa. Vijana walikata mipira ya ndani ya baiskeli wakajifanyia bretele kama zako. Mafundi wa baiskeli ikabidi waanze kulala na mipira yao.

Shida ilikuwa moja. Wewe ulisema Kilingala, tena kile cha Kinshasa kinachokimbia, kilichojaa misemo ya mtaani. Sisi tulijua Kiswahili chetu na Kibembe, na Kilingala tulichokuwa nacho ni cha kuimba nyimbo bila kujua unaimba nini. Ndipo mzee akamweka Wilondja kando ya televisheni na fimbo mkononi. Alikuwa amekulia kwa mjomba wake Kinshasa, na kanisani ndiye aliyekuwa akiwakalimania wahubiri kutoka mbali. Wewe ukifungua mdomo, sauti yako inapunguzwa, na Wilondja anasema. Ukilia, analia. Ukimtukana mama mkwe wako, naye anamtukana, halafu anatuomba radhi kwa niaba yako. Watu walimwita Musemaji.

Kwa hiyo, shemeji, jambo hili pengine hukuambiwa: Baraka hatukuwahi kuisikia sauti yako. Tulikuona wewe, tukamsikia yeye.

Kulikuwa na mchezo mmoja ambao tuliuomba mpaka mkanda ukaanza kutoa mistari. Unaingia nyumbani, kofia mkononi. Mke wako amekaa mlangoni, amenuna. Unapiga goti mbele yake. Unamshika mkono, unaupandisha pole pole mpaka usoni pako, unafumba macho, unavuta pumzi. Halafu unamtazama na kusema. Siku ya kwanza tulipouona, Wilondja aliiacha televisheni. Aligeuka, akatutazama sisi watu, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mi siko na ngombe, siko na nyumba ya mabati. Lakini siku utachoka, usitafute kiti. Mi niko."

Halafu wanawake wakapiga vigelegele mpaka mwenye jenereta akaingia kuuliza kuna nini. Tangu siku ile, Papa Bretele, ulikuwa mume wa Baraka nzima. Maneno yale yalipanda mlima mpaka Fizi-Centre, yakaenda na njia ya ziwa mpaka Nundu. Wanaume waliposa nayo. Wenye pikipiki waliyaandika nyuma ya viti vyao. Mchungaji mmoja aliyasema madhabahuni akifungisha ndoa, na hakuna aliyecheka. Mpaka leo, mwanamke akisema amechoka, utasikia mtu anaitikia, "Usitafute kiti!" na wote wanamalizia.

Feza aliyaweka mfukoni mwake siku hiyo hiyo. Alikuwa mtoto wa mwenye ukumbi, anakaa benchi ya mbele, nywele zimesukwa vizuri, kikwembe kipya kiunoni, harufu ya mafuta ya duka. Mchezo ulipoisha alitugeukia sisi wasichana wengine: "Mumeona? Musemaji aliniangalia mimi! Macho yake yote kwangu!" Sikubishana naye. Ningebishana na nini? Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimesimama kwenye mlango, mtoto wa shangazi mgongoni. Shangazi aliyekuwa akinifundisha kushona hakuniachia kutoka kabla vyombo havijaoshwa, na kila Jumapili nikifika benchi zimejaa. Nilitazama michezo yako yote nimesimama. Toka mlangoni, macho ya mtu aliye kando ya televisheni huwezi kujua yanaenda wapi.

Wilondja alinioa mimi. Sijui nikuambie nini zaidi ya hapo. Alikuja na wazee wake kwa shangazi, mambo yakaenda kama yanavyoenda, na siku ya harusi alivaa bretele za kweli nilizomshonea mwenyewe. Feza alikuja na zawadi ya sufuria, akacheka mbele ya watu wote: "Chukua, dada. Lakini ujue macho yake yalianziaka kwangu." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na lile sufuria sikulipikia hata siku moja.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ugomvi wangu na wewe ulipo. Mume wangu nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. "Mvua inakuja." "Chumvi imezidi." "Mutoto ameamka." Alikuwa mwema, hakunipiga, hakunilaza njaa, nikiugua alinichotea maji ziwani watu wakimwona na hakuona haya. Lakini neno tamu? Hakuna. Maneno yote matamu aliyokuwa nayo alikupa wewe. Jumapili alikuwa anawatoa machozi watu wazima, na Jumatatu ananiambia mvua inakuja. Nilikaa ndani ya nyumba na mwanamume ambaye mdomo wake una mwenyewe mwingine, na mwenyewe huyo ni wewe.

Siku moja nilimuuliza. Tulikuwa tunachambua maharage, binti yetu Riziki anajifunza kutambaa. Nikamwambia, "Baba Riziki, yale maneno ya kiti. Ni Bretele aliyasemaka, ao ni wewe?"

Alicheka tu. "Mukalimani hana maneno yake, mama. Akiongeza ya kwake, ule ni mwizi."

Na kweli, kanisani alijulikana kwa hilo. Mhubiri akikosea, Wilondja anakosea naye, neno kwa neno. Mgeni akitukana kwa bahati mbaya, anatukana. Basi nikajua maneno ni yako. Nikayapokea hivyo, na nikakuchukia kidogo, kama mtu anavyomchukia mke mwenza mzuri.

Alikufa mwaka jana, wakati wa mvua. Homa, siku chache, basi. Barabara ilikuwa imekatika, watu wa Lubondja kwao hawakuweza kushuka, na mji wenyewe ulikuwa na mambo yake. Kwenye matanga tulikuwa watu wa kanisa, majirani, na mbuzi waliokimbia mvua wakaingia chini ya hema. Wale walioipigia vigelegele sauti yake kila Jumapili sikuwaona. Feza alituma salamu. Hakuna aliyesimama kusema, "Leo Musemaji amekwenda." Nilimzika mume wangu kama mtu ambaye hakuwahi kusema neno mbele za watu. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wasemavyo.

Halafu unakufa wewe, Papa Bretele, na mbingu zinaanguka.

Walikuandalia kilio, kama tunavyomfanyia ndugu aliyefia mbali. Mkeka ulitandikwa nyumbani kwa Feza, picha yako ikapachikwa ukutani, unga na ndakala vikaanza kuingia. Wakaunda hata kamati. Mwenye kamati ni nani? Feza. Nani atakaa kwenye mkeka wa mjane? Feza. Mumewe mwenyewe, mtu mpole anayeuza mafuta ya mawese, alikuwa anapanga viti vya wageni wa kilio cha mume mwenzake.

Siku mbili kabla ya kilio Feza akaja barazani kwangu na kitambaa cheupe, kirefu, na kingine cheusi cha kukata herufi. Macho yamevimba kweli. Sikukataa kwamba analia.

"Mama Riziki," akasema, "ni weye tu fundi wa kazi hii. Juu weka jina yake, makubwa. Chini weka maneno yake. Yale yenye aliniambiaka."

"Alikuambia nani?"

"Eh, unajua." Akafuta pua. "Tulikuwaka wote pale."

Nilikipokea kitambaa. Nikakata herufi, nikashona jina lako juu, kubwa kama alivyotaka. Nikaanza mstari wa chini. SIKU UTACHOKA. Nilipofika kwenye USITAFUTE, mguu uligoma kukanyaga mashine. Nilijiona: mjane wa Wilondja, nimekaa, nashona sauti ya mume wangu chini ya jina la mtu mwingine, ili Feza ajifunike nayo. Nililia kwa hasira, shemeji, si kwa huzuni. Nilitamani kuliita soko lote niseme ile sauti ilikuwa ya nani. Lakini ningeanzia wapi? Mume wangu mwenyewe aliniambia maneno si yake.

Nikiwa hapo akaingia Mama Nsimba. Huyu ni mke wa mfanyakazi mmoja wa serikali, wametoka Kinshasa si zamani, na alikuja kupima kaba yake, lile gauni pana. Akasoma kitambaa, taratibu, maana Kiswahili anajifunza bado.

"Haya maneno, ya nani?"

"Ya Bretele wenu."

"Bretele?" Akasoma tena. "Ya mchezo gani?"

Nikamweleza: goti, mkono, macho yamefumbwa. Mama Nsimba akaanza kucheka kabla sijamaliza. Akatoa simu, akatafuta, akaniambia mchezo mzima anao, wote Kinshasa wanatumiana wiki hii. Nilitaka kujua, na nilitaka simu ile iishiwe moto wa betri hapo hapo. Maana kama uliyasema wewe, basi nimekwisha: sina kwa Wilondja hata neno moja la mapenzi, nina mvua na chumvi. Nikamshika mkono, "Subiri kwanza, mama." Hakusubiri.

Ukatokea. Kofia mkononi. Goti. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikakusikia. Kumbe una kisauti chembamba! Ukasema maneno marefu, mkeo akajibu, ukasema tena. Mama Nsimba akaangusha kichwa kwenye mashine yangu kwa kicheko.

"Mama! Yeye iko nauliza firigisi!"

"Firigisi gani?"

"Ya kuku! Kuku yake bamepika yeye hayuko. Anasema, 'Nani amekula firigisi yangu?' Bibi anasema hajui. Mukono ule, mama, haiko ya mapenzi. Iko ananusa! Anatafuta harufu ya mafuta!"

Firigisi! Hata huku kwetu unajua firigisi ya kuku ni ya baba, mwanamke akiila anaweza kuitwa mbele ya ukoo wa mume. Na Baraka nzima tulikaa miaka yote tukijifunga vikwembe vya mapenzi juu ya mtu anayenusa vidole vya mkewe kutafuta mwizi wa firigisi. Wanaume wameoa na hilo. Mchungaji amefungisha ndoa na hilo! Nilicheka mpaka Mama Nsimba akaacha kucheka kwake akanitazama, maana kicheko changu kilikuwa kimeshageuka kitu kingine, na nilikuwa nimeshika kile kitambaa nakipangusia macho.

Wilondja aliiba. Mtu ambaye hakuongeza neno hata mhubiri alipolitukana kanisa kwa bahati mbaya, aliongeza siku moja tu. Aliitupa firigisi, akageuka, akasema ya kwake. Kwa Feza? Feza alikuwa amekaa. Benchi ya mbele, ya baba yake, anaegemea. Mtu hamwambii aliyekaa asitafute kiti. Katika ukumbi ule wote aliyekuwa amesimama na mtoto mgongoni ni nani?

Ni mimi, Papa Bretele. Aliniambia mimi. Aliniambia kabla hata hajajua jina langu, na kwa sababu ya aibu yake akakuvalisha wewe maneno yake. Halafu akanioa na kunyamaza, maana kwake yalikuwa yameshasemwa.

Mama Nsimba aliniuliza, "Niambie bamama kwenye kilio? Batacheka sana!" Nikamwambia hapana. Akashangaa. Hata mimi nilishangaa. Wiki nzima nilikuwa nataka Baraka ijue maneno ni ya nani, na sasa nilipojua, nikataka isijue kabisa. Wakijua watayachukua upya. Wataandika jina la Wilondja kwenye pikipiki, Feza atatandika mkeka mwingine, na kila mwanamke atamlilia mume wangu kwa neno lake la pekee alilonipa mimi. Watosheke na wewe.

Nikachukua wembe, nikafumua mstari wa chini, herufi kwa herufi.

Feza alipokuja kuchukua kitambaa alikikunjua barabarani, akakigeuza mbele na nyuma. "Mama Riziki! Maneno iko wapi?"

"Ya Bretele yote nimeshona," nikamwambia.

Akanitazama. Nikaendelea kuweka uzi kwenye sindano. Sijui alielewa nini, lakini hakuuliza tena, na huyo si Feza ninayemjua.

Kwenye kilio nilienda, sikukukosea heshima. Nilibeba unga wangu. Jioni ilikuwa nzuri, upepo wa ziwa unapandisha kile kitambaa chenye jina lako tupu, kwaya iliimba vizuri. Feza alishika kipaza sauti akiwa kwenye mkeka, amejifunika nguo nyeusi kuanzia kichwani, akaanza, "Siku utachoka..." na watu wote, mamia ya sauti, wakamaliza. Midomo siwezi kuifumua. Riziki wangu, aliyekaa pembeni yangu, alisema pamoja nao, na machozi yakimtoka, akanigeukia: "Mama, we haulii?" Nikamwambia mimi nilikwisha kumlilia wangu. Alidhani namwambia habari za mwaka jana tu. Nitamweleza siku moja, akipata mtu wa kweli. Au sitamweleza. Bado sijaamua, wivu wangu haujaamua.

Sina kinyongo tena na wewe, shemeji. Ulikuwa mtu mzuri wa kutazama, ulituchekesha katika miaka ambayo hatukuwa na sababu nyingi za kucheka, na ulimkopesha mume wangu uso wako alipokosa ujasiri wa kutumia wa kwake. Kwa hilo asante. Machozi ya Baraka chukua yote, umeyastahili. Kitambaa pia ni chako.

Nina ombi moja. Nadhani mmeshakutana, na akikuita kaka, mwitikie, amengoja muda mrefu. Watu wa huko wakitaka uwachekeshe na wasielewe Kilingala chako, mwache akukalimanie, hakuna anayemshinda. Ila mkifika pale pa kuku, mwambie Wilondja akae chini. Sema mwenyewe, kwa hicho kisauti chako chembamba, wote wakusikie unadai firigisi. Yale mengine yana mwenyewe, na mwenyewe bado yuko Baraka.

Nenda salama.

Mimi shemeji yako,
Mama Riziki, mke wa Musemaji